Ngozi Mpya ya Hamali Kapalata

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Mwalimu Anaeli kasema kila mtu wa darasa la ngumbaru aandike kila siku. Mkono ulainike, kasema. Mkono wangu umebeba magunia miaka kumi na tisa. Hautalainika. Lakini daftari kanipa, basi naandika.

Leo magunia arobaini na moja ya vitunguu, kutoka lori mpaka ndani ya soko. Shingo bado ipo.

Asubuhi uji kwa Kuruthumu, nyuma ya soko. Nikaonja. Nikamwambia uji wa leo maji ya mvua. Akanipokonya bakuli. Sadalla, hamali mwenzangu, akasema yeye anauona mtamu kama asali. Akaongezewa upawa mzima. Mnafiki!

Niseme wazi, daftari halina mdomo. Namtaka Kuruthumu nimuoe. Yeye mjane, mimi mgane. Mke wangu, Mungu amrehemu, kafa mwaka wa hamsini na tatu. Tangu hapo chai napika mwenyewe, na chai yangu inaungua. Sadalla naye anamtaka Kuruthumu. Soko zima linajua.

Lakini kikwazo si Sadalla. Kikwazo ni Mzee Muhiddin, baba mdogo wa Kuruthumu. Ndiye mwenye kumwozesha. Mzee huyu kaapa mbele za watu kwamba mimi sivuki kizingiti chake maisha. Sababu yake ni maziko ya mume wa Kuruthumu, mwaka wa hamsini. Naandika ilivyokuwa, ijulikane kosa si langu.

Mimi Mnyamwezi. Marehemu Sefu alisema Kizaramo, alicheza ngoma za Kizaramo, shamba lake Kisarawe. Nikajua Mzaramo. Mzaramo ni mtani wangu. Mtani akifa una kazi yako pale. Unafanya vituko, wafiwa wanacheka kidogo, msiba unapungua uzito. Nikafanya kazi yangu. Jeneza lilipotoka tu nyumbani kwake, Mtaa wa Mchikichi, nikalala chali katikati ya njia. Nikasema maiti haipiti mpaka nipewe jogoo. Hakuna aliyecheka. Nikadhani hawajanisikia. Nikainuka, nikaiga marehemu alivyokuwa akichechemea. Kimya. Nikalala tena.

Kumbe Sefu Mngazija. Baba Mngazija, mama Mngazija, na wakwe zake akina Muhiddin Wangazija vile vile. Sisi na Wangazija hatuna utani hata wa punje.

Mtu si angeniambia? Watu sitini nyuma ya jeneza, na wote midomo wanayo.

Jumanne, 6 Agosti

Magunia thelathini. Mchele. Mchele ni mzigo wa heshima, unakaa vizuri begani.

Alasiri darasani, kule Msimbazi. Anaeli ni kijana wa Kichaga, anafanya kazi ya maabara mjini, upande wa Posta. Ananiamkia shikamoo kila siku, naitika marahaba, halafu ananisahihisha herufi. Dunia imegeuka.

Leo hakuna herufi. Kaleta darubini. Si ile ya kutazamia meli. Hii inatazama chini, inakuza kitu kidogo mpaka unakiogopa. Akauliza nani ana kitunguu. Mimi ninacho. Kilianguka chenyewe kutoka gunia, mimi nilikihifadhi tu. Akabandua kile kigozi chembamba cha ndani, akakilaza kwenye kipande cha kioo.

Sadalla akatangulia kutazama, eti yeye kanawa mikono. Kitunguu changu!

Zamu yangu ikafika. Kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Halafu nikaona nyumba. Vyumba na vyumba, ukuta kwa ukuta, vimepangana kama Kariakoo ukiwa wewe kunguru unapita juu. Na kila chumba kina mpangaji mmoja, kidoa cheusi. Nikauliza yule ndani nani.

Anaeli akasema kila chumba kinaitwa seli. Kile kidoa ni kiini cha seli, ndicho chenye maagizo yote ya kazi. Nikasema basi nyapara. Akasema ndiyo, nyapara, lakini huyu hatukani. Seli imejaa ute, kama wa yai. Imefunikwa na utando. Seli ya mmea inaongeza ukuta mgumu kwa nje. Ya mtu haina ukuta, ina utando peke yake. Utando unapitisha kinachotakiwa na kuzuia kisichotakiwa.

Nikasema hilo gunia. Vumbi linatoka, mchele unabaki.

Anaeli akaacha chaki. Akasema mfano huo anauchukua. Akaandika ubaoni GUNIA, herufi kubwa. Sadalla akanuna mpaka mwisho.

Kasema pia kwamba ndani ya seli mna vitu vidogo zaidi vinavyochoma chakula vitoe nguvu. Kwa hiyo mimi nina jiko kila mahali mwilini. Ndiyo maana bakuli moja la uji halinitoshi. Nitamwambia Kuruthumu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimemwambia. Kasema jiko langu nilitafutie kuni kwingine.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku kubwa! Naandika haraka.

Leo Anaeli kafundisha seli zinavyozaliwa. Hazitoki hewani. Kila seli imetoka kwa seli nyingine. Akamwaga nyuzi za kushonea mezani. Akasema ndani ya kiini mna nyuzi kama hizi, ndizo zenye maagizo. Seli ikitaka kugawanyika, kila uzi unajifanyia pacha wake. Halafu zinajipanga mstari katikati. Halafu pacha huyu anavutwa huku, pacha yule kule, kama hamali wawili wanavuta kamba ya turubai. Katikati panabana. Panakatika. Seli moja imekuwa mbili, na kila moja ina maagizo kamili. Hakuna iliyodhulumiwa.

Sadalla akauliza kama mtu mzima naye anaweza kupasuka akawa wawili. Nikasema apasuke yeye tupate wavivu wawili. Darasa likacheka.

Nikauliza mimi sasa. Mtu kishakua, seli zinagawanyika za nini? Anaeli akasema za kuziba pengo. Ngozi ya juu haifiki mbali, ni kama mwezi tu, inakufa na kupukutika, na mpya inatoka chini yake. Damu ni miezi minne. Mifupa nayo inajijenga upya polepole, miaka na miaka.

Nikauliza basi mtu mzima mzima anamaliza kubadilika lini. Akacheka. Akasema wako watu wanasema miaka saba, lakini—

Sikungoja hiyo lakini. Nilikuwa nahesabu vidole. Hamsini na moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Saba! Nikatoka mbio. Mtu aliyelala njiani Mtaa wa Mchikichi hayupo tena duniani. Kapukutika. Mimi ni mwingine. Sijawahi kumkosea Mzee Muhiddin hata siku moja.

Ijumaa, 9 Agosti

Posa haipelekwi na mwenye kutaka. Lazima mshenga. Nimemtuma Bi Mauza, mwenye nyumba ninayopanga. Mama wa Kishihiri, mtu mzima, wote wanamsikiliza kwa sababu hanyamazi.

Kwanza ilibidi nimfundishe. Nikatandaza kunde kwenye ungo. Nikasema hizi mimi. Nikatoa moja, nikatia nyingine, mpaka zote zikawa ngeni. Akauliza kunde zangu zile za kwanza nitazila au vipi. Nikamwambia azingatie. Akasema kama kila kitu kinatoka upya, mbona yale meno yangu matatu hayajarudi. Nikasema zamu yao bado.

Kaondoka baada ya swala ya Ijumaa. Karudi magharibi haijafika. Majibu ya Mzee Muhiddin ni haya, kayaleta yote bila kupunguza.

Kwanza, kama Kapalata ni mtu mpya, basi hajatahiriwa, amwone ngariba kwanza ndipo azungumze ndoa. Pili, kama ni mpya, swala za mtu wa zamani hazimhusu, aanze kulipa kutoka ya kwanza. Tatu, kamwona kwa macho yake juzi sokoni, na sura ni ile ile aliyoiona chini njiani.

Nikauliza Kuruthumu alikuwepo? Alikuwepo. Kasemaje? Hakusema. Alikuwa anachambua mchele, akaacha, akaingia ndani.

Akaacha kuchambua! Hiyo dalili. Mtu asiyejali haachi kuchambua mchele.

Nimeshika neno la tatu. Sura ni ile ile. Labda kuna ngozi ya zamani imebaki pembeni, haijapukutika vizuri. Mimi hamali, jasho na vumbi vinaganda. Nitaimaliza kesho.

Jumamosi, 10 Agosti

Mtoni Msimbazi, asubuhi. Dodoki moja, mchanga, sabuni ya mche. Nimejisugua kichwa mpaka kisigino. Mgongo nilisugulia kwenye gogo la mnazi, kama ng'ombe. Wanawake wawili waliokuja kufua waligeuka wakaenda juu zaidi ya mto. Mmoja alisema nina pepo.

Maji yaliondoka meusi. Huyo alikuwa Kapalata wa mwaka wa hamsini. Nilimwona anaelekea Jangwani. Kwaheri.

Jumapili, 11 Agosti

Nimelala kifudifudi kutwa. Shuka inauma. Hewa inauma. Bi Mauza kanipaka mafuta ya nazi na kuniita majina.

Lakini kajioo kangu kanaonyesha tofauti. Nimekuwa mwekundu.

Jumatatu, 12 Agosti

Chumvi.

Katika siku zote za mwaka, leo lori limeleta chumvi. Magunia ishirini na nane, na chumvi ile ya mawe, yenye maji maji. Gunia ni kama utando wa seli, nimesema mwenyewe, linapitisha. Limepitisha mpaka mgongoni.

Gunia la kwanza nilitembea. La pili nilikimbia. La tatu nilikwenda nikiimba, nyapara akafikiri nimepata moyo wa kazi, akaniongeza safari.

Sadalla akaniuliza vipi. Nikasema elimu ina gharama yake. Akanitazama sana. Huyu mtu anatafuta jambo.

Jioni nikapita kwa Kuruthumu nimetanua mikono mbali na mbavu, kama kuku anayetaka kuruka. Akaniuliza nani kaniunguza. Nikasema hakuna, nimetoa ngozi ya zamani. Halafu akanipa bakuli, kalijaza. Sikuomba. Uji ulikuwa mzito. Nikamwambia leo umepatia. Akasema nashukuru, mdomo wako haujapukutika.

Jumanne, 13 Agosti

Darasani. Anaeli katukwangua ndani ya shavu kwa kijiti, kila mtu na lake. Akatia tone la dawa ya kidonda ili rangi ishike. Nikatazama seli yangu mwenyewe. Haina pembe kama ya kitunguu. Ni kama chapati iliyokosewa, utando mwembamba umekunjika, na katikati nyapara kakaa. Niliitazama mpaka wenzangu wakanivuta shati. Nilisikia vizuri moyoni. Mtu mwenye vitu vyote hivi ndani, vinafanya kazi bila kelele, hawezi kuwa mtu wa bure.

Darasa likaisha, nikamwomba Anaeli aniandikie barua kwa Mzee Muhiddin. Iseme mimi ni mpya, aipige na muhuri. Akauliza kisa. Nikamweleza chote, hata jogoo. Akageuka ukutani mabega yakamtikisika. Kijana ana kifua, anakohoa.

Barua kakataa. Kasema muhuri si wake. Lakini mzee akiona seli kwa macho yake labda moyo utalainika, na yeye yuko tayari kuja kumwonyesha. Ila atasema ukweli tu, kila atakachoulizwa. Na kwamba kuna jambo moja lazima anieleze kabla. Nikasema jambo moja litasubiri, la muhimu ni siku. Tumekubaliana Ijumaa.

Bi Mauza kapeleka ujumbe. Muhiddin kajibu kwamba barazani kwake kila mtu anakaribishwa, ila Kapalata akae chini barabarani, maana kizingiti ni kile kile.

Barazani! Wiki iliyopita nilikuwa siruhusiwi hata kwenye kuta zake. Mambo yanakwenda.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikwenda darasani, kulikuwa na lori la mwisho. Nasikia Sadalla alikwenda, akabaki nyuma kumuuliza mwalimu maswali. Sadalla! Ambaye hata jina lake analiandika na l moja.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimekaa kitandani. Naandika kila kitu kama kilivyokuwa.

Baada ya swala nikabeba darubini mwenyewe, kichwani, ndani ya sanduku lake, kutoka mjini hadi Mtaa wa Narung'ombe. Sijawahi kubeba mzigo kwa adabu namna ile. Anaeli nyuma yangu kavaa tai. Tukakuta baraza imejaa. Mzee Muhiddin katikati, kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya sindano. Bi Mauza kwenye kigoda. Wazee wanne wa Kingazija. Na Sadalla, kakaa barazani, kafunga vifungo vyote vya shati. Nikauliza yeye kaja na nani. Akasema kaja kujifunza.

Mlangoni pazia. Nyuma ya pazia nikaona ncha ya kandambili ya Kuruthumu.

Mimi nikakaa chini barabarani, kama ilivyoamriwa. Mbuzi akapita kati yangu na mkutano.

Anaeli akaweka darubini kwenye jua. Kitunguu kwanza. Mzee Muhiddin akainama. Alikaa jicho pale muda mrefu. Akasema Subhanallah, polepole. Akawaita wazee wenzake, wakapanga foleni. Halafu shavu. Akaona seli yake mwenyewe. Akauliza kama hii ndiyo yeye. Anaeli akasema ni punje yako, mzee, na ziko nyingi kuliko mchanga wa pwani. Akaeleza zinavyogawanyika, nyuzi, mapacha, mstari. Akaeleza ngozi inavyokufa na kuzaliwa, na damu. Vizuri sana. Wazee wanatikisa vichwa. Mzee Muhiddin akanitazama kule chini, na wallahi jicho lilikuwa limepoa. Akasema kumbe Kapalata hakutunga.

Nikajua nimeoa.

Hapo Sadalla akakohoa. Akanyoosha kidole kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, na ubongo? Nao unageuka mpya?"

Anaeli akafuta mikono kwa leso. Akanitazama mimi. Akanitazama kwa huruma, nimeielewa baadaye.

"Hapana," akasema. "Ngozi ndiyo, damu ndiyo. Zile seli za kufikiria hazigawanyiki. Ulizopewa utotoni ndizo utakazozikwa nazo."

"Kwa hiyo," akasema Mzee Muhiddin, "ngozi nyingine, damu nyingine, kichwa kile kile."

"Kichwa kile kile, mzee."

Sadalla akatazama kucha zake kwa furaha. Mimi nikatafuta neno, sikulipata. Lilikuwa ndani ya zile seli ambazo hazigawanyiki. Nikaanza kuinuka niondoke. Mgongo wote ukaniuma kwa mara moja.

Pazia likafunguka. Kuruthumu akatoka, kanga kajifunga kichwani, mikono ina unga.

"Baba mdogo," akasema, "mimi siku ile nilicheka."

Mzee akasema unasemaje, mwanangu.

"Nilikuwa dirishani. Nilimwona huyu kalala njiani anadai jogoo. Nikacheka mpaka nikaanguka. Shangazi zangu wakadhani kilio kimenizidi, wakanimwagia ndoo ya maji. Na aliposimama akaanza kuchechemea kama Sefu, nilimwona Sefu. Nilimwona kabisa. Sefu angekuwa hai, huyo jogoo angemkamata mwenyewe akampa."

Bi Mauza akasogeza kigoda apate kusikia vizuri.

Kuruthumu akanigeukia mimi. Alikuwa mkali.

"Na wewe. Miaka saba nangoja uje useme nisameheni. Neno moja. Unaniletea kitunguu. Mimi mtu mpya simtaki, mpya nitamjulia wapi?"

Sadalla akafungua kinywa. Akasema yeye siku zote, tangu zamani, amekuwa akimheshimu bibie na uji wake.

"Sadalla," akasema Kuruthumu, "juzi juzi nilisahau sukari kwenye uji. Ukasema mtamu kama asali. Mtu wa namna hiyo, siku nyumba inaungua ataniambia nuru imependeza."

Wazee wa Kingazija wakacheka. Sadalla akafungua kifungo kimoja.

Mzee Muhiddin akagonga fimbo yake sakafuni. Akasema Kapalata aje Jumapili. Aje peke yake. Asilete mwalimu wala mama wala chombo, alete mdomo.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeandaa hotuba. Kurasa mbili. Naanza na seli, napita kwenye gunia, naingia kwenye ubongo, naonyesha kwamba hata kama kichwa ni kile kile, kimebebwa na shingo mpya, na shingo ndiyo inayoelekeza kichwa. Ni nzuri sana. Nimemsomea Bi Mauza. Kalala.

Jumapili, 18 Agosti

Nimefika Narung'ombe saa nne asubuhi. Nimesimama mbele ya kizingiti. Mzee Muhiddin kasimama ndani. Nikatia mkono mfukoni. Hotuba nimeisahau kwenye shati la jana.

Nikatazama chini. Nikasema:

"Nisamehe, mzee. Nilimkosea maiti wako. Nilidhani ni wangu."

Hayo tu. Mengine yaligoma.

Mzee akauliza kama jogoo bado namtaka. Ndani ya nyumba mtu akacheka, na najua kicheko kile, sasa nimekisikia kwa masikio yangu. Mzee akanishika mkono akanivusha kizingiti. Ni cha mbao, kimelika katikati. Nilikivuka kwa mguu wa kulia.

Tumekunywa kahawa. Ndoa Ijumaa ya tarehe thelathini. Mzee kasema Wangazija hawaozeshi kimya kimya, watu wote wa ukoo watakuja, na mkate lazima utoshe, mtu asiondoke mikono mitupu. Nikasema mkate niachieni mimi. Kuruthumu akauliza nitautoa wapi. Nikasema asiwe na wasiwasi.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Watu watasema kilichosaidia ni kuomba radhi. Hapana. Ni darubini. Bila darubini pasingekuwa na baraza, bila baraza pasingekuwa na pazia. Sayansi ndiyo imeniozesha. Nitaendelea nayo.

Jumatatu, 19 Agosti

Sadalla kanipa mkono. Kasema hongera. Nikamwambia na yeye atapata, ajifunze kusema ukweli. Akasema basi ukweli ni kwamba mimi ni mjinga mwenye bahati. Nimempenda kidogo leo.

Alhamisi, 22 Agosti

Darasani. Anaeli kafundisha hamira. Hamira, ile ya mkate! Kumbe ile si unga, ni viumbe. Kila punje ni seli, ina kiini, ina utando, ina kila kitu, isipokuwa inaishi peke yake. Ukiipa uvuguvugu na sukari, inachipua kitoto ubavuni. Kitoto kinakua, kinajitenga, nacho kinachipua chake. Kwa saa mbili hivi moja imekuwa mbili. Mbili nne. Nne nane.

Niliacha kumsikiliza hapo. Nilikuwa na vidole vyangu.

Mkate wa Wangazija wote wa mji! Kwa kijiko kimoja!

Jumamosi, 24 Agosti

Tangu alfajiri niko kazini. Pipa la maji la Bi Mauza, nimelimwaga, nimelisugua. Nusu ya pipa unga, maji ya uvuguvugu, sukari. Kijiko kimoja cha hamira niliona ni woga, nimetia kopo zima. Nikafunika kwa mfuniko wa mbao. Sijamwambia mtu, hata Kuruthumu. Nataka aone mwenyewe. Ndoa ni siku sita bado, lakini mwenye kuanza mapema ndiye mwenye kumaliza.

Nilianza kusikia sauti saa nne. Kama mtu anapumua. Nikaweka jiwe juu ya mfuniko. Saa sita jiwe likaanguka. Nimekalia mfuniko mimi mwenyewe, na daftari hili gotini. Mimi ni hamali, nina uzito, na siku hizi nina heshima.

Bi Mauza kapita anauliza maji yake ya kuoga yako wapi. Nikasema yanakuja. Akauliza mbona uani kunanukia kama kilabu cha pombe. Nikasema ni sayansi, mama. Akasema mimi nitakuja kumtoa roho, akaenda kumwita Kuruthumu.

Vizuri. Aje aone mume wake anavyotenda kazi.

Kila kitu kinakwenda sawa. Nilipokaa hapa miguu yangu ilikuwa inagusa chini. Sasa haigusi.